Safari ya Pikipiki Iliyokataa Kufika

Mwezi uliopita nilisimama Mafinga kujaza mafuta, asubuhi ya ukungu ule unaolowesha nyusi. Kijana wa kituoni alipofungua mfuniko wa tangi la pikipiki yangu ikatoka sauti ndogo, fyuuu, kama ya mtoto anayevuta pumzi baada ya kulia sana. Kijana hakuisikia. Alikuwa akitaniana na mwenzake juu ya mpira wa jana. Mimi niliisikia mpaka mgongoni. Nikabaki nimesimama na kofia ngumu mkononi, afisa ugani mtu mzima ninayesubiriwa na wakulima wa viazi kijijini, kumbe akili imekwisha ondoka pale kituoni. Ilikuwa imerudi kwenye barabara hiyo hiyo, miaka mingi nyuma, nikiwa mtoto wa darasa la pili niliyefungwa kwa kitenge mgongoni mwa mwanamume nisiyemjua vizuri.

Mwanamume huyo alikuwa baba yangu.

Nililelewa na Bibi, mama yake mama yangu, pale Iyunga, katika nyumba iliyokuwa karibu na barabara kuu kiasi kwamba malori ya Zambia yakipita vikombe vyote vilitetemeka kabatini. Mama alifariki nikiwa sijaanza kutembea. Baba alikuwa seremala Iringa, na kwangu mimi alikuwa mtu wa Krismasi. Alikuja na mfuko wa sukari, kitenge cha Bibi, na viatu vyangu. Kila mwaka viatu vilinibana, kwa sababu alininunulia kwa kukumbuka mguu wa mwaka uliotangulia. Nilimwamkia, "Shikamoo, Baba," kisha nikakimbilia jikoni, na yeye akabaki sebuleni akiyatazama makochi ya Bibi kwa jicho la fundi, akitikisa mguu wa hili, akigonga ubavu wa lile.

Mwaka ule hakungoja Krismasi. Alikuja mwezi wa saba, baridi imekolea, juu ya pikipiki ambayo watoto wa mtaa mzima waliizunguka bila kuthubutu kuigusa. Haikuwa kama pikipiki za bodaboda tulizozizoea. Ilikuwa ndefu na pana, ina tangi kubwa kama tumbo la ng'ombe, na masanduku mawili ya bati ubavuni yaliyobandikwa picha za bendera za nchi nisizozijua. Msafiri mmoja Mzungu alikuwa ameiendesha kutoka kusini kabisa mwa Afrika, akafika Iringa akachoka na safari, akapanda ndege kurudi kwao. Baba ndiye aliyemtengenezea makasha ya kusafirishia vitu vyake, na wakaagana kwa namna ambayo pikipiki ilibaki kwa Baba.

"Atu," Bibi aliniambia jioni ile, akinisuka nywele kwa nguvu kuliko kawaida, "kesho unaenda na baba yako Iringa. Utasoma huko. Nyumbani kwake kuna mama mdogo wako, atakutunza."

"Nitarudi lini?"

"Baba yako ni mtu mzuri," akasema, kana kwamba ndilo nililouliza. "Ila hajui kusema."

Miguu ya Bibi ilikuwa imeanza kuvimba. Mimi ndiye niliyechota maji, niliyewasha jiko, niliyemsomea tarehe kwenye kalenda ya kanisa. Nilidhani mtu anayehitajiwa kiasi kile haondolewi nyumbani. Nililala nikiwa na hakika kwamba asubuhi wangebadili mawazo. Pikipiki yenyewe ililazwa sebuleni kwa kuogopa wezi, na nyumba nzima ikanuka petroli.

Hawakubadili. Alfajiri Bibi alinivika sweta mbili, akanipandisha nyuma ya Baba, akatuzungushia kitenge na kukifunga fundo kifuani kwa Baba, ili nikisinzia nisianguke. Wakati huo nilikuwa nimekwisha kuwa msichana mkubwa kwa macho yangu mwenyewe, na aibu ya kufungwa kama kichanga mbele ya watoto wa jirani ilinifanya nisahau kulia. "Ndaga, mwanangu," Bibi alimwambia Baba, akimshukuru kwa lugha ya kwetu. Kisha akanigeukia mimi. Alinishika kisigino, akakibana, akakiachia.

Tukaondoka. Shavu langu lilikuwa limebanwa kwenye koti lake lililonuka mbao mbichi. Mbeya ilipita ubavuni ikiwa bado na usingizi, maduka yamefungwa, moshi wa chai ukichanganyika na ukungu, na Uyole wanawake wameanza kupanga viazi kwenye ndoo. Mimi nilianza kusali.

Niwaambie ukweli, sikusali sala nzuri. Nilisali pikipiki izime.

Na ikazima. Tulikuwa tumefika kwenye milima ya Inyala, ikakohoa mara mbili, ikatetemeka, ikanyamaza. Ukimya uliofuata ulikuwa mkubwa ajabu. Mahali fulani chini ya ukungu jogoo aliwika, na maji yalikuwa yanapita kwenye mawe nisiyoyaona. Baba alifungua fundo la kitenge, akanishusha, akatoa spana chini ya kiti, akachomoa plagi na kuifuta kwa pindo la shati. Akaangalia mafuta. Akabonyeza stata, pikipiki ikawaka kama haijawahi kuugua.

"Plagi," akajiambia, ameridhika. Akanipandisha, akanifunga.

Nikasali tena. Kabla ya Igurusi ikazima tena.

Safari hii aliisukuma hadi kwenye kibanda cha fundi aliyekuwa akisikiliza redio kwa sauti ya juu. Fundi alisema kabureta imeingia uchafu. Akaifungua, akaipuliza kwa mdomo, akairudisha, na Baba akafungua tangi kuhakikisha petroli ni safi. Ikawaka. Fundi akatabasamu kama daktari. Watu wote waliokuwa pale walikubaliana kwamba petroli ya siku hizi ni chafu.

Sasa nilianza kuogopa nguvu zangu. Nilijaribu kutosali, lakini kutosali ni kazi ngumu ukiwa umefungwa mgongoni mwa mtu na huna jingine la kufanya. Tulipovuka Chimala, kwenye bonde la Usangu lililokauka rangi ya mkate, neno lilinitoka moyoni lenyewe, na pikipiki ikakohoa na kufa katikati ya mashamba ya mpunga yaliyovunwa. Baba akakagua nyaya zote. Akafungua mfuniko wa tangi, akachungulia, akafunga. Ikawaka. Hakutaja ugonjwa safari hii. Akapanda tu.

Ilizima mara ya nne baada ya Igawa, barabara inapoanza kupanda kwenda Makambako na upepo unapita bila kizuizi. Hapo Baba hakutoa spana. Alikaa kwenye kokoto kando ya lami, akavua kofia ngumu, akainamisha kichwa. Nywele zake zilikuwa zimelala kwa jasho ingawa ilikuwa baridi.

"Atupele," akasema bila kunitazama, "sijui ina nini. Kweli sijui."

Sikuwahi kumsikia mtu mzima akisema hivyo. Bibi alijua kila kitu, mwalimu wangu alijua kila kitu, mchungaji ndiyo kabisa. Nilimwangalia yule mtu aliyekaa kwenye kokoto na mikono yenye grisi, na huruma ikanijia ghafla hata nikakosa pa kuiweka. Nikamtolea viazi vitamu alivyotufungia Bibi. Tukala. Upepo ukapiga nyasi kavu zikalala upande mmoja, zikainuka, zikalala tena. Lori moja likapita, likatupigia honi, likawa dogo, likaisha.

Kisha akainuka, akafungua mfuniko wa tangi kwa mara nyingine.

Fyuuu.

"Inavuta pumzi," nikasema.

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yangu ya kwanza kwake tangu tuondoke Iyunga. Aligeuka.

"Nani?"

"Pikipiki. Ukifungua hapo inavuta pumzi. Hata kule kwenye mpunga ilivuta."

Akabaki ameshika mfuniko. Nikaona uso wake ukibadilika polepole. Akaniomba chupa ya maji, akaiweka mdomoni na kuifyonza bila kuacha nafasi ya hewa. Chupa ikabonyea mbavu zote, kisha maji yakagoma kutoka.

"Umeona? Mafuta yakitoka, hewa lazima iingie mahali pake. Hewa ikikosa pa kupita, tangi linayazuia mafuta. Kila nikifungua hapa ninaipa hewa, inawaka, halafu nadhani nimeitengeneza!" Akacheka, na kicheko chake kilikuwa chembamba kuliko nilivyotarajia. "Plagi! Kabureta! Masikini yule fundi."

Akaugeuza mfuniko. Penye kitundu kidogo cha kupitishia hewa palikuwa pameziba. Akachuma mwiba kwenye kichaka, akachokoa taratibu kama anayemtoa mtu funza. Kikatoka kitu laini, cha bluu. Akakinusa. Akakunja uso, akaniletea puani.

Ilikuwa sabuni ya mche. Sabuni ya Bibi. Ile aliyoifulia sare yangu, aliyoniogeshea Jumamosi, aliyoihifadhi dirishani kwenye kopo lililokatwa nusu.

Baba alianza kucheka tena. "Bibi yako hataki tuondoke!" Kisha akaniona, akakatisha kicheko. Maana mimi nilikuwa nimekishika kile kipande kidogo cha sabuni na machozi yote ambayo hayakutoka asubuhi yalikuwa yananiteremka mpaka kwenye sweta. Hakunibembeleza, hakujua namna. Alisimama upande ule upepo ulikotoka, akanikinga, mpaka nilipomaliza.

Krismasi iliyofuata nilimuuliza Bibi. Alinishangaa. "Si lile tangi lilikuwa linatoa harufu? Nyumba nzima ilinuka, kifua kikanibana. Nikaona pale penye kitundu, nikapaka sabuni. Kwani nilikosea?" Alikuwa amefanya kama wafanyavyo watu na tangi linalovuja, basi. Lakini siku ile barabarani mimi niliamini Bibi alinyoosha mkono wake kutoka Iyunga na kutushika shati, na sijui kama niliacha kuamini hivyo hata baada ya kuelezwa.

Kutoka pale kwenye kokoto hatukuhitaji tena kitenge. Nilimshika Baba kiunoni kwa mikono yangu mwenyewe, na pikipiki ikaenda kama maji. Makambako tulinunua karanga. Jua la alasiri lilikuwa limetulia juu ya vilima, na kila kilima kilipotupita kilionekana kama nimewahi kukiota. Nikaacha kusali. Nilikuwa nimejua kwamba haikuwa sala, ilikuwa sabuni, na kwa kiasi fulani nilisikitika kupoteza uwezo ule.

Ndiyo maana nilishangaa ilipozima tena, ndani ya misitu ya mipaini kabla ya Mafinga. Haikukohoa. Ilinyamaza tu, tukasogea kwa mwendo wake hadi pembeni.

"Labda bado kuna sabuni," Baba akasema.

Lakini hakufungua tangi. Aliingia msituni, na mimi nikamfuata. Ndani mlikuwa na giza la kijani na harufu kali ya utomvu, na ardhi ilikuwa laini kwa majani makavu hata hatukusikia miguu yetu. Miti ilisimama kwa mistari iliyonyooka, ukisogea hatua moja mistari mingine inafunguka mbele yako kama milango. Baba alitembea akiangalia, akirudi, akihesabu kwa midomo. Kisha akasimama.

"Njoo hapa. Angalia mstari huu."

Niliangalia. Mingine yote ilinyooka. Huu ulikwenda vizuri kidogo, ukapinda kushoto, ukajirekebisha, ukapinda tena.

"Mama yako," akasema. "Tulikuja hapa wote vijana, kibarua cha kupanda miche. Ndipo tulipojuana. Wenzake walifuata kamba, yeye aliona kamba inamchelewesha. Msimamizi alimgombeza mpaka akachoka. Akasema, acheni ikue, miti haijui kama imepinda." Akaweka kiganja kwenye gome. "Nikipita na lori la mbao huwa naomba dereva apunguze mwendo."

Kabla ya siku ile mama yangu alikuwa picha moja ukutani, yenye kola nyeupe na macho yaliyotazama pembeni ya kamera. Sasa alikuwa msichana asiyefuata kamba. Nilipita nikigusa kila mti wa mstari ule, mmoja baada ya mwingine, mpaka viganja vikanata. Sijui kama kweli ulikuwa mstari wake. Msitu ni mkubwa, na misitu ya mbao hufanana. Miti ile imekwisha vunwa na mingine imepandwa. Sikuwahi kutaka kujua zaidi.

Tuliporudi, pikipiki iliwaka bila kufanyiwa chochote.

Ilizima mara ya mwisho Ipogolo, chini ya mlima, karibu na daraja. Jua lilikuwa linazama. Juu yetu mji wa Iringa ulikuwa umekaa kilimani, na taa zake zilikuwa zinaanza kuwaka moja moja. Akina mama waliokuwa wakifunga meza zao za nyanya walitusalimia, "Kamwene," na Baba akawajibu, "Kamwene," kwa sauti ambayo ghafla ilikuwa ya mtu aliyefika kwao. Mimi nilijiona mgeni kuliko wakati wowote wa siku ile.

Alichuchumaa mbele yangu. Macho yake yakawa sawa na yangu.

"Atupele. Ukipanda pale juu ni nyumbani kwangu. Mama mdogo wako amepika, anasubiri. Ni mama mwema, lakini humjui. Nyumba huijui. Shule huijui." Akatafuta neno, akalikosa, akaendelea bila hilo neno. "Kama hutaki, niambie hapa hapa. Nitakurudisha kwa Bibi."

Mto ulikuwa unapita chini ya daraja. Niliwaza miguu ya Bibi, ndoo ya maji, kalenda. Niliwaza pia mstari uliopinda, na kokoto, na mtu mzima aliyesema hajui. Kichwa changu kilikuwa kidogo kwa mambo yote hayo, kwa hiyo nikauliza lile lililokuwa karibu.

"Huko juu kuna baridi kama kwa Bibi?"

Akafikiri kwa makini, kama aliyeulizwa jambo zito. "Inakaribiana."

"Basi twende."

Akainuka haraka, akanipa mgongo, akakaa muda mrefu akifunga kofia yake ngumu. Tukapanda mlima. Mama mdogo alikuwa amesimama mlangoni na taa, mwembamba, mwoga kama mimi, na tulikula wali na maharage bila kuangaliana. Miezi michache baadaye nilikuwa namwita mama bila kukumbuka nilianza lini.

Nilipoajiriwa nikapewa pikipiki ya kazi, mwalimu wangu wa udereva alinionyesha swichi nyekundu kwenye mpini wa kulia. "Hii ni ya dharura," akasema. "Ukiibonyeza injini inakufa hapo hapo." Nikaibonyeza. Injini haikukohoa. Ilinyamaza tu.

Nilikaa juu ya pikipiki ile katikati ya uwanja wa mazoezi, wenzangu wakinizunguka na kunipigia kelele niondoke njiani, na nikajua kwamba baada ya Makambako hatukuwa na pikipiki mbovu.

Jumapili hiyo nilimkuta Baba karakanani kwake, amezeeka, anapiga msasa mguu wa kiti. Nikamuuliza moja kwa moja. Hakujitia kusahau.

"Mimi na Bibi yako tulipanga kila kitu," akasema, macho kwenye kazi. "Shule, siku, hata sweta. Wewe peke yako ndiye hukuulizwa. Siwezi kumuuliza mtu swali kama lile huku naendesha. Pale kwenye mipaini nilitaka kukuuliza, nikashindwa, nikaishia kukuonyesha miti."

"Na kama ningesema turudi?"

Akapuliza vumbi la mbao kutoka kwenye kiti.

"Nilijaza tangi Mafinga," akasema. "Ningegeuza."

Na ninaamini angegeuza. Angepanda tena barabara ile yote gizani, huku chakula kinapoa mezani kwake na mke wake akiwa mlangoni, kwa sababu mtoto wa darasa la pili alisema hataki. Siku ile pale darajani nilidhani mtu mzima ananiomba uamuzi mdogo, kama anayeuliza chai au uji. Sikuona kwamba alikuwa ananiogopa. Sikuona ile kamba ya kofia ilivyokuwa ikimponyoka chini ya kidevu, akianza upya, amenipa mgongo ili nisione uso wake baada ya kunisikia nikisema twende.